Admirali na Manowari ya Dirisha la Vifurushi

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na umeandikwa kwa sharti. Sharti lenyewe alilitoa marehemu akiwa bado na pumzi ya kugomba: "Msije mkanipamba. Mkinipamba nitakaa kitako humo sandukuni niwasahihishe." Waliomfahamu wanajua asingeshindwa. Kwa hiyo yatakayosomwa hapa ni yale yaliyokuwepo, matamu na machungu, na mwenye kuona haya atazame chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mwangalizi wa boila kiwandani hapo, na mama alishona mashuka ya hospitali. Nyumba ilinukia sabuni kuanzia darini hadi uvunguni, na shuleni watoto waliwaita ndugu hawa wawili "Wasafi", na wala haikuwa sifa. Bibi mzaa mama, aliyeishi nao, alikuwa na meno ya bandia ya juu ambayo aliyatumbukiza kwenye bilauri kila alipolala. Siku moja bilauri ilianguka, meno yakakatika pande mbili, na watu wazima wakaanza kutupiana lawama. Marehemu, akiwa na miaka tisa, aliviokota vipande, akaenda kuomba gundi kwa baba, akaviunga. Aliviunga upande kidogo. Tangu siku hiyo bibi alitabasamu kwa pembeni mpaka alipofariki, na kila mgeni aliyemkodolea macho alionyeshwa mjukuu: "Daktari wangu huyu hapa, mlaumuni yeye."

Alisoma shule ya msingi karibu na reli, ambako mwalimu alilazimika kunyamaza kila treni ilipopita, kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Kisha akaenda sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1976. Alishika kemia na uchoraji, akashindwa kunyamaza. Msimamizi wa bweni aliwaambia wazazi kwamba binti yao ana mikono mizuri na mdomo mbaya, na baba, kwa kujivunia, aliirudia kauli hiyo kazini kwa miezi. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha afya kusomea utengenezaji wa meno ya bandia. Darasa zima lilikuwa la wanaume. Siku ya kwanza mkufunzi alimwuliza, "Binti, hujapotea? Ushonaji uko jengo la pili." Marehemu akajibu, "Sijapotea, mwalimu. Nimekuja kushona midomo." Alipata cheti chake mwaka 1979, na mkufunzi huyo huyo, alipong'oka meno ya mbele uzeeni, alikuja kutengenezewa kwake. Marehemu hakumtoza maneno. Alimtoza subira tu, akampanga wa mwisho kwenye foleni.

Kuanzia Januari 1980 hadi Desemba 2015 alifanya kazi katika karakana ya meno ya hospitali ya rufaa, chini kabisa, ambako dirisha lilikuwa usawa wa miguu ya wapita njia. Kazi yake ilikuwa ya nta, plasta na plastiki ya waridi. Mgonjwa anang'ata nta kule juu, nta inashuka kwa fundi, na fundi anampa mtu uso wake tena. Alichonga kila jino kwa mkono na kulisaga mpaka lilale sawa, na vumbi lilimkaa kwenye nyusi hata wenzake wakamwita Bi Unga. Njiani alikuwa mtu wa kuaibisha kutembea naye. Mtu akipita anacheka, yeye anamkumbusha mdogo wake kwa kiwiko: "Lile langu. Na lile pale. Yule bwana nimempa meno yanayomzidi heshima."

Ndoa yake aliifunga tarehe 6 Septemba 1986, na mwanamume ambaye ndiye aliyekaa hapa mstari wa mbele, fundi miwani. Walikutana dukani kwake. Marehemu alikwenda kutafuta lenzi ya kukuzia, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuchoka na kazi ndogondogo. Kaunta ilikuwa imejaa vipande vya plastiki ya kijivu, na katikati yake manowari ndefu kuliko mkono, haina mlingoti, na fundi miwani ameshika mlingoti huo kwa vidole vinavyotetemeka. Zilikuwa modeli za kuunganisha, zinazokuja ndani ya boksi, vipande mamia, kila kimoja na namba yake. Marehemu alimtazama akihangaika, akashindwa kuvumilia. "Lete hapa," akasema, akatoa kwenye mkoba kijiti chake cha nta, na mlingoti ukasimama. Fundi miwani akamwambia, "Mwenzangu, wewe umetoka wapi?" Neno hilo ndilo alilomwita tangu siku hiyo, mwenzangu, na marehemu naye akamwita hivyo hivyo. Nyumba yao ilijulikana kwa neno hilo. Majirani walikuwa wakiwaigiza: "Mwenzangu, chai! Mwenzangu, mlango!" Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mpima ardhi, na ambaye alikua akijua kwamba sebuleni hakurushwi mpira.

Hakurushwi mpira kwa sababu ya kikosi. Hivyo ndivyo walivyouita mkusanyo wao wa manowari, uliokaa kwenye kabati la kioo alilotengeneza seremala wa mtaa huo, aliyeamini mpaka mwisho kwamba anatengeneza kabati la vyombo. Marehemu akapewa jina la Admirali, ingawa maishani mwake hakupanda chombo cha majini chochote, na hata beseni kubwa alilitilia shaka. Na kikosi kilikuwa na sheria moja. Waliiita sauti mbili. Boksi halinunuliwi mpaka wote wawili waseme ndiyo. Mmoja akikataa, basi, hata kama mwingine amelia machozi. Kila Jumapili baada ya chakula meza ilifutwa, katalogi ikafunguliwa, lenzi zikatoka, na wakakaa kama mahakama. Marehemu aliuliza kila manowari maswali yale yale: "Ilizaliwa wapi? Ilifanya kazi gani? Ilifia wapi?" Ikiwa majibu hayakumridhisha, ukurasa uligeuzwa.

Manowari zilizokula muda mrefu zaidi mezani ni za Kijapani. Meli kubwa za Kijapani hazikuwa na ubishi, ziko chache na kila mtu anazijua. Ubishi ulikuwa kwenye destroya, zile manowari ndogo nyembamba za mbio, ambazo kazi yake ilikuwa kuwalinda wakubwa na kuzama kabla yao. Hizo zilikuwa nyingi, na kabati lilibaki na nafasi ya safu moja tu. Mwanzoni marehemu alizikataa zote: "Zinafanana, utazijuaje?" Mumewe akamfundisha kwamba zimepewa majina ya hali ya hewa. Kuna ya theluji, kuna ya ukungu, kuna ya upepo, kuna ya mwezi. Hapo akalainika. Lakini mambo hayakuishia kwenye jina. Boksi moja laweza kutoa meli kadhaa za tumbo moja, zilizofanana isipokuwa vitu viwili vitatu, na meli hiyo hiyo ilibadilika kadiri vita vilivyoendelea. Kwa hiyo wakishachagua meli, ilibidi wachague na mwaka. Jumapili nzima ingeisha kwa swali moja: kabla hawajaivua mzinga wa nyuma, au baada? Mdogo wake alishawahi kuwakuta wamenuniana, kila mtu ana kikombe chake cha chai kilichopoa, akadhani kuna msiba. Kumbe ni mzinga.

Na walikuwa na kosa lao, ambalo hakuna watu wengine duniani wangelifanya. Boksi la kwanza la destroya lilikuja na maelezo ya Kijapani matupu. Picha ilionyesha sitaha ya rangi nyeusinyeusi ambayo hawakuielewa, na rangi waliyokuwa nayo ilikuwa imekauka. Marehemu akaingia stoo, akatoka na dawa nyekundu ya kung'arishia sakafu, akaizimua kwa mafuta ya taa, akapaka. Ikatoka nyekundu kama sebule ya watu waliojiweza. Miaka miwili baadaye wakasoma kwenye gazeti la watu wa modeli kwamba sitaha zile zilifunikwa zulia la linoliamu, na rangi yake ni kahawia. Mumewe akashika kichwa. Marehemu akacheka mpaka akakaa chini. "Basi," akasema, "za wengine kahawia, zetu nyekundu." Kuanzia hapo kila destroya ya Kijapani iliyoingia kwenye kabati lile ilipakwa dawa ya sakafu, kwa makusudi, na aliyewasahihisha alionyeshwa mlango.

Nafasi ya mwisho kwenye safu aliitaka iende kwa Shigure. Maana ya jina hilo ni manyunyu, yale ya kuja na kupita. Aliipenda kwa sababu ilitoka salama kwenye vita ambavyo wenzake hawakutoka, na ilipozama mwishoni haikuwa na mwenzake hata mmoja wa tumbo lake aliyebaki. "Hiyo ilizika wote," alisema. "Hiyo ni meli ya kukaa nayo." Mumewe alisita, akataka nyingine ya mwezi, wakazozana karibu mwaka. Hatimaye akamwambia, "Mwenzangu, tusigombane bure. Nimeulizia, wameacha kuitengeneza. Haipatikani." Marehemu akanuna wiki moja, kisha akasema nafasi ibaki wazi, ataisubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri akishapenda.

Sasa ya posta. Maboksi yote yalikuja kwa posta, na mwenye kuyachukua siku zote alikuwa mumewe, kwa kuwa duka lake liko ng'ambo ya barabara. Mwezi wa Agosti 2011 aliteleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mguu, ikabidi marehemu aende mwenyewe na ile karatasi ya njano ya kuitiwa kifurushi. Akapanga foleni kwenye dirisha la vifurushi. Alikuwa hana haraka, amesimama anahesabu meno ya watu kama kawaida yake, akainua macho. Juu ya kabati la stempu, nyuma ya mama wa dirishani, palikuwa na manowari ndogo. Destroya. Ya Kijapani. Sitaha yake nyekundu.

Marehemu alisimulia baadaye kwamba hakuelewa papo hapo. Alidhani mumewe amewaazima moja ya kwao. Foleni ikasogea. Ubavuni akaona herufi tatu za Kijapani, na herufi hizo alizijua, kwa vile alikuwa amezitazama kwenye katalogi miaka, akazichora hata kwenye plasta kazini. Zilisomeka Shigure. Zamu yake ikafika. Mama wa dirishani alikuwa mjane, mtu mpole, mwenye miwani ya fremu ya bluu. Hata miwani ilikuwa kazi ya yule yule, lakini nusu ya mji ilivaa kazi yake, hilo halikumshtua.

"Mama," marehemu akasema, "hicho kimeli hapo juu ni cha nani?"

"Changu!" Yule mama akageuka kukitazama, uso umemchanua. "Kizuri, eh? Kinaitwa Shigure. Maana yake manyunyu."

"Naijua maana yake. Umekiunda mwenyewe?"

"Mie wapi! Mimi nilipaka huku kwenye sitaha tu. Aliyeunganisha ni mwenzangu. Tulikichagua wawili, hapa hapa, mchana wa mapumziko. Yeye alitaka kingine, cha mwezi sijui, mimi nikasema hiki hiki, basi akakubali."

"Na hiyo rangi nyekundu?"

"Ndiyo rangi yake hasa. Mwenzangu anasema hiyo huikuti pengine popote."

Marehemu akasukuma ile karatasi ya njano chini ya kioo. Yule mama akalisoma jina, akalisoma tena, na tabasamu likamwishia. Akaleta kifurushi, akakiweka taratibu, na marehemu akakipokea akasema asante. Mdomo ule wote tuliousifu hapa, siku hiyo ulitoa asante tu.

Mumewe alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda. "Posta kuna foleni?" akauliza.

"Kuna Shigure."

Fundi miwani hakujifanya hajui, na hilo tumpe. Aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba yule mama alikuwa ametoka kumzika mumewe, alikuwa akikaa dirishani kama mtu aliyekatiwa kamba, na siku moja akamwuliza kuna nini ndani ya maboksi hayo. Akamwonea huruma, akamwonyesha. Huruma ikazaa katalogi, katalogi ikazaa boksi.

"Ni kimeli tu, mwenzangu," akasema.

"Usiniite hivyo. Neno hilo nimelikuta posta."

"Haki ya Mungu, hakuna kilichotokea."

"Kimetokea. Kimekaa juu ya kabati la stempu, watu wote wanakiona." Marehemu alikuwa bado amesimama, kifurushi mkononi. "Uliniambia haipatikani."

"Nilikuwa nimeshamwahidi. Nikaona nikikuuliza, utakataa."

"Ningekataa. Sauti mbili maana yake ni nini?"

Hakujibu. Na mpaka leo, shemeji, hujajibu.

Mdogo wake alipopigiwa simu alifika mbio mbio, amekunja mikono ya gauni. Alitaka nguo zifungashwe na gari liitwe. Marehemu alimkalisha. "Niende wapi? Nyumba yangu, meza yangu." Mdogo wake akamwuliza lile linaloulizwa: hao wawili walikuwa na jambo au hawakuwa nalo? "Sijui," marehemu akasema, "wala sikuuliza. Angeniumiza kwa yale ya kila siku ningejua pa kuanzia. Ningepiga kelele, ningevunja sahani, majirani wangejaa, mashangazi wangeitwa. Sasa niwaite niwaambie nini? Mume wangu amechagua destroya na mwanamke mwingine? Si watacheka?" Kwa kweli mdogo wake alianza kucheka. Marehemu alimwangalia mpaka kicheko kikamkauka. "Unaona?" akasema. "Mimi nilimpa vitu viwili tu ambavyo sikumpa mtu mwingine. Kosa langu na sauti yangu. Amevipeleka vyote dirishani, mchana, watu wakinunua stempu." Akalia, na alikuwa mtu asiyelia. Walioishi naye wanasema hawakumwona akilia tena.

Hakuondoka. Alipika, alifua, alikwenda kazini, alicheka na wageni. Lakini Jumapili meza haikufutwa tena. Boksi alilolitoa posta siku ile halikufunguliwa. Mumewe akawa "Baba", kama anavyoitwa na binti yao, na watu wa nje waliona ni heshima ya uzee tu. Waliokuwa ndani walijua. Mumewe aliacha kwenda kwenye dirisha lile, akamlipa mtu wa pikipiki amchukulie barua zake. Aliomba radhi kwa maneno, akaomba kwa zawadi, akawatuma wazee, akamtuma hata seremala wa kabati. Wote walirudi na jibu moja, kwamba Admirali hana ugomvi na mtu. Ndiyo kweli, hakuwa na ugomvi. Aliyekuwa akigombana naye zamani kwa ajili ya mzinga mmoja, sasa hakuona la kugombania.

Ugonjwa ulianza na kikohozi mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kustaafu. Daktari wa kifua alimwuliza alikuwa akifanya kazi gani, akaambiwa, akatikisa kichwa. Vumbi la meno ya watu lilikuwa limejenga kwenye mapafu yake. Marehemu alisema, "Basi nimemeza mji mzima." Kuanzia mwaka 2021 alitegemea mashine ya oksijeni, na hapa haki itendeke: mumewe alimwuguza kama inavyotakiwa. Alijifunza mashine ile kuliko wauguzi. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza mto, alifunga duka akakaa nyumbani. Hakuna siku aliyolalamika. Mdogo wake alikuwa akija na hasira zake zote tayari mdomoni, anamkuta shemeji amepiga magoti anamkata mkewe kucha, hasira zinakosa pa kukaa.

Na kila Jumapili, baada ya chakula, alifungua katalogi, akaisogeza karibu na kiti cha mkewe, akauliza taratibu, "Ipi, mke wangu?" Hiyo ndiyo ilikuwa njaa yake. Hakutaka kusamehewa kwa hotuba. Alitaka mara moja tu, kabla mwenzake hajaondoka, wachague tena wote wawili. Marehemu alijibu kila mara kwa sauti ile ile isiyo na hasira: "Chagua mwenyewe, Baba. Umezoea." Binti yao aliwahi kumbembeleza. "Mama, baba anakupenda." Marehemu akasema, "Najua. Hapo hapajawahi kuwa na shida."

Katikati ya Februari mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, safari hii ghorofa ya juu, dirishani kuna mwanga. Mchana mmoja mumewe alikuja na boksi la viatu. Yule mama wa dirishani alikuwa amestaafu, akasikia hali ya mgonjwa, akamtafuta mtu wa pikipiki, akamkabidhi kitu bila ujumbe. Mumewe akafungua boksi juu ya shuka. Ilikuwa Shigure. Mdogo wake alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wageni.

Marehemu aliomba miwani. Kisha akaomba lenzi. Akaishika ile manowari kwa vidole vilivyobaki ngozi na mifupa, akaigeuza, akaikagua tumbo, mizinga, ubavu, akafika kwenye sitaha nyekundu, akakaa hapo. Uso ukamlegea. Mumewe akasogea.

"Mlingoti wa nyuma umekaa upande," marehemu akasema.

"Nimeuona. Nitaunyoosha. Au unyooshe wewe, nimekuja na kijiti." Alikuwa nacho kweli, kile kijiti cha nta, amekitoa mfukoni. "Tuiweke pale kwenye nafasi yake. Ndiyo uliyoitaka. Sema ndiyo tu, na mimi nitasema."

Marehemu alivuta pumzi mbili tatu, mashine ikimsaidia. Alikishika kijiti kile, akakisogeza karibu na mlingoti, na wote waliokuwepo waliona mkono wake ulivyotulia, haukutetemeka kabisa. Kisha akakilaza juu ya shuka.

"Usiuguse," akasema. "Si yetu. Kairudishe kwa mwenyewe."

Mumewe aliifunika ile manowari, akaipeleka siku hiyo hiyo. Alitembea kwa miguu, hakumtuma mtu wa pikipiki. Aliporudi alikaa pale pale kitandani, akamshika mkono, na marehemu hakuuondoa. Siku zilizofuata waliongea mambo ya nyumbani, bomba la jikoni, harusi ya binti yao iliyokuwa inakaribia, bei ya mashine ikirudishwa. Alifariki tarehe 2 Machi 2024, mchana, mumewe akiwa amemshika, binti yake yuko miguuni, mdogo wake yuko njiani na chai.

Ameacha mume. Katika karatasi zilizoandikwa mwanzo, baada ya neno hilo, palikuwa na maneno mengine: "ambaye alimsamehe kwa moyo wote kabla ya kufumba macho." Aliyeyaandika ni mdogo wake, ambaye miaka yote hii hakumpenda shemeji hata chembe. Lakini alikuwa amemwona akirudi kutoka kwa yule mama na boksi tupu la viatu, akaona watu watakuja wengi, akaona hilo halitamdhuru marehemu. Jioni shemeji alikuja kuzichukua karatasi azipeleke kwa mpiga chapa. Alizisoma zote amesimama mlangoni. Hakugusa habari za posta. Hakugusa hata yale maneno yake ya "ni kimeli tu". Alipofika hapa aliomba kalamu, akayakata.

"Shemeji, acha," mdogo wake akamwambia. "Watu wasikie neno jema."

"Hakusema hivyo."

"Hata kama hakusema. Mkono wako aliushika."

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa nasubiri," akasema, akamrudishia kalamu. "Angesema, ningesikia."

Kwa hiyo limebaki neno moja, na ndilo lililochapwa. Ameacha mume, binti mmoja, mkwe mtarajiwa, na mdogo wake. Alale sasa, na kifua chake kiwe chepesi.